Waya wa Kupapasia Maganda

Asubuhi Clarrie Dunstan alikuta ng'ombe saba wamenasa kwenye lambo lake la mwisho lililokuwa likikauka, tope limewafika kifuani, na kunguru wamejipanga juu ya uzio. Mmoja alijaribu kumvuta kwa gari, akamvunja shingo. Waliobaki sita hawakuwa na dawa ila risasi, na mapema, kwa sababu kunguru huanza na macho.

Risasi za kununua zilikuwa zimekwisha. Akarudi kwenye banda la kukatia kondoo manyoya, akakaa kujaza maganda matupu ya ile .303, bunduki ya jeshi aliyoachiwa na baba yake. Chemba yake, pale risasi inapokaa, ni pana, ganda hutanuka kila linapopigwa, na shaba hukonda karibu na kitako. Ndiyo maana ganda kuukuu hulijazi mpaka umelipapasa kwa ndani na waya uliopindwa ncha. Waya ukikwama kwenye mfereji, hapo ndipo ganda litakapokatikia; tupa.

"Lete nipapase mimi," alisema mkewe, Noreen. "Vidole vyako hata kifungo cha shati havikijui tena."

"Mimi nimejaza risasi tangu wewe hujajua hata kuchemsha maji."

"Na maji yangu umeyanywa miaka arobaini. Lete waya, mzee, acha ubishi."

"Hebu nenda kaongee na kuku wako."

"Kuku walishakufa, Clarrie."

Hakumpa. Alipapasa ganda la kwanza, la pili, mpaka la nane. Vidole vilikuwa na ganzi tangu majira ya baridi; waya haukumwambia kitu. Akajiambia kwamba basi ni laini. Akapima baruti, akakandamiza vichwa vya risasi, kisha yeye na Noreen wakarudi lamboni.

Ng'ombe wa kwanza alilala kwa risasi moja, hata mkia hakutikisa. Clarrie akavuta komeo la bunduki kutoa ganda. Kilichoruka ni kitako tu, kidogo kama kifungo cha koti. Ganda lililosalia liling'ang'ania ndani ya chemba. Akasukuma risasi ya pili, ikagoma nusu njia. Kipo chombo cha kuling'olea. Siku zote aliwacheka wanaotembea nacho. Akachokonoa kwa kisu, akachokonoa kwa ule waya, ukanyooka mkononi.

Noreen alikiangalia kile kitako. Akachukua ufunguo wa gari.

"Naenda kwa Tibbett kuazima bunduki."

"Saa mbili kwenda, Noreen. Mbili kurudi."

"Najua ni mbali. Wewe wafukuze hao kunguru."

Gari likatokomea na vumbi lake. Kunguru wakashuka, si kwa haraka. Clarrie akaingia topeni mpaka kiunoni, akamvika ng'ombe wa karibu kofia yake machoni. Akavua shati, vifungo vikikatika, akamfunga nalo wa pili macho. Akanyoosha mikono, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Ng'ombe waliobaki walikuwa watano. Nyuma yake, asikoweza kufika, mmoja akaanza kulia.