Sikio la Kushoto

Fundi wa masikio ya bandia pale hospitalini alijisifu mno kwa kazi yake, na hapo ndipo mama yake alipomkamatia. Bibi huyo hakuishiwa na sumu: mjukuu hafanani na mtu yeyote ukooni. Mwisho akamwambia mwanawe, wewe si bingwa wa kulinganisha masikio? Haya, linganisha.

Naye, mjinga wa watu, akalinganisha! Alimpiga mtoto picha kila upande, kompyuta ikaunda umbo la sikio lake la kushoto, kila bonde na kila mwinuko. Akaleta na umbo la sikio lake mwenyewe, la kushoto pia, alilolihifadhi zamani. Kompyuta ikayasawazisha ukubwa, ikayazungusha mpaka yakalaliana, kisha ikapima nukta kwa nukta: yanapopatana kijani, yanapoachana nyekundu. Picha ikatoka nyekundu tupu.

Mkewe aliapa, akalia, akapiga magoti. Fundi akamwonyesha skrini, akasema hesabu haina upendeleo. Mama mkwe ndiye aliyemfungia mizigo, tena huku akiimba, jamani. Mtoto alitolewa akiwa usingizini.

Miezi ikapita. Siku moja fundi alikuwa akimtengenezea mgonjwa sikio la kulia. Kazi hiyo hufanywa kwa kuchukua umbo la sikio zima la kushoto na kuligeuza, kama linavyoonekana kwenye kioo. Alipotaka kuligeuza, akakuta kompyuta imeshaligeuza yenyewe. Akafungua mipangilio, akakuta agizo la kugeuza. Agizo hilo aliliweka mwenyewe ili kurahisisha kazi, akalisahau. Kila picha mpya ilikuwa ikigeuzwa; umbo lake la zamani halikuguswa. Kwa hiyo sikio la mwanawe lilipimwa likiwa kinyume. Lingepatanaje na lake? Akaligeuza tena, akapima upya. Kijani, kuanzia juu hadi kwenye ndewe.

Alikimbia mpaka kwa shemeji yake, alikohamia mkewe, simu mkononi, akaeleza huku akibabaika. Mwanamke aliitazama picha kwa utulivu.

"Ingetoka nyekundu tena, ungekuja?"

Fundi aliishusha simu. Jibu alikuwa nalo, na mkewe aliliona usoni mwake.

"Mwanangu," aliita, "njoo umwamkie mgeni."

Mtoto alisimama mlangoni. Akamtazama baba yake, akamtazama mama yake.

"Shikamoo, mgeni," akasema.