Ubeti Alioimba Setefilla

Setefilla alipata kazi ya kuimba Osaka, mkataba wa miaka miwili, na mtu wa mwisho kujua katika mtaa wetu mzima wa Triana nilikuwa mimi. Niliambiwa na Nicasio, mbebaji mwenzangu wa jukwaa la Bikira. Nilikuwa nimesimamisha gari langu la farasi mbele ya kanisa kuu, nasubiri watalii, akaja na uso wa mtu anayekwenda msibani. Mjapani mmoja, akasema, alimsikia Setefilla kwenye ukumbi ule anakoimba, akarudi mara ya pili, na ya tatu akaja na karatasi za kutia saini. Angeondoka Jumamosi, siku moja baada ya Ijumaa Kuu.

Nilimfuata Setefilla ukumbini. Nimeuchukia ukumbi ule tangu siku ya kwanza. Watu wanatafuna samaki wa kukaanga huku yeye anaimba mpaka mishipa ya shingo inamtoka, kisha wanaulizana basi la kwenda Granada linaondoka saa ngapi. Nilimsubiri mlango wa nyuma. Alitoka na maua bado kichwani, akaegemea ukuta, akanitazama. Alikuwa anangoja neno moja kutoka kwangu. Nililijua, na halikutoka.

Mimi sikusomeshwa na mtu. Mashairi nilijifundisha juu ya kiti cha gari, kwa vitabu vya kuokota sokoni siku za Alhamisi, na leo wapo wenye shahada wanaoninunulia mvinyo ili nisiwatungie beti za kuwacheka. Sijawahi kumwomba mtu kitu. Kwa hiyo badala ya kumwambia abaki, nilimtungia ubeti palepale, auimbe Ijumaa Kuu wakati sanamu ya Bikira inapopitishwa mtaani kwa maandamano:

*Mama uliye mbeleni,*
*chozi lako li shavuni,*
*unifunge miguuni,*
*nisitoke mtaani.*

Aliusikiliza mpaka mwisho. Akacheka kidogo, lakini macho hayakucheka.

"Kwa hiyo wewe huniombi," alisema. "Unamtuma Bikira."

"Mimi nakutungia. Wengine wanakuletea karatasi."

"Una kiburi wewe, Leoncio. Ungekuwa na nywele nyingi kama kiburi, usingevaa kofia."

Kisha akatengeneza ua lake na kuniambia kwamba Ijumaa ataimba kwenye roshani ya Mama Angustias, ile inayokodishwa kwa wageni kila mwaka. "Nikiuimba ulivyo, ujue mkataba nimeuchana. Nisipouimba hivyo, usinifuate uwanja wa ndege."

Ijumaa alasiri nilifunga ngata yangu, nikaingia chini ya jukwaa la Bikira, lile tunalolibeba kwa shingo likiwa na sanamu yake juu. Huko chini huoni kitu. Pazia la mahameli limefunika pande zote, mbao zinalia, jasho la wanaume linanuka pamoja na nta, na ulimwengu wote ni visigino vya aliye mbele yako. Anayekuonea njia ni msimamizi, Mzee Baldomero, anayetembea nje na kutuongoza kwa sauti na kwa nyundo iliyofungwa mbele ya jukwaa. Mwaka huo alitaka kunipumzisha kabla ya mtaa wa Mama Angustias, kwa sababu zamu yangu ilikuwa imeisha. Nikamwambia akinitoa hapo asinihesabu tena kuwa mmoja wa wanawe, kama anavyotuita sisi wabebaji. Aliguna, akaniacha.

Nicasio alikuwa ubavuni mwangu, shingo yake na yangu chini ya ubao mmoja, pumzi yake yote kitunguu saumu.

"Ukianguka kwa mapenzi, anguka upande wa kule," alininong'oneza.

Tukaingia mtaani. Niliutambua kwa joto la kuta zake na kwa wageni walioulizana kwa lugha zao. Halafu watu wakaanza kunyamazishana. Nyundo ikagonga, tukashusha jukwaa taratibu likasimama kwa miguu yake. Bendi ikakaa kimya. Saeta, wimbo wa kumlilia Bikira, ikianzwa roshanini, hata Bikira husimama.

Ilikuwa sauti yake. Ilishuka kama ya mtu anayeita mtoto ng'ambo ya mto. *Mama uliye mbeleni.* Nikamshika Nicasio mkono. *Chozi lako li shavuni.* Wangu, kila silabi. Moyo wangu ulikwishapanda ngazi za Mama Angustias. Setefilla akavuta pumzi, akaivuta kwa muda mrefu kuliko wimbo ulivyotaka.

*Umtunze aliye chini,*
*mimi niko safarini.*

Mtaa mzima ulipiga makofi. Nilisikia viatu vya watalii vikisogea, wakitafuta pa kupigia picha. Nicasio akasema, "Tuko wengi huku chini, Leoncio." Nadhani alitaka kunichekesha. Sauti yake ilikuwa imekatika.

Hatua chache tu, pazia, mwanga. Ningetoka, ningesimama chini ya roshani ile na ngata kichwani, nikasema mbele ya watu wote lile neno nililomnyima. Niliinama kutoka. Nyundo ikagonga mara ya kwanza.

"Wanangu, mpo?" Mzee Baldomero aliuliza.

"Tupo," wakajibu wote. Ningetoka sasa, uzito wangu ungeiangukia shingo ya Nicasio. Nikairudisha shingo yangu chini ya ubao.

"Kuinua huku ni kwa binti aliyetuimbia. Kesho anaenda mbali. Mrukieni, mpaka huko aendako wasikie."

Nyundo ikagonga tena, na wote tukaruka pamoja, na Bikira akaruka juu yetu, na hapo hewani nilipaza sauti kwa nguvu zangu zote: baki. Wanaume wote walikuwa wakinguruma kwa uzito. Tarumbeta zikaanza. Hata Nicasio, sikio lake shavuni mwangu, aliniuliza nimesema nini.

Tukaenda, mguu wa kushoto kwanza, polepole. Petali za maua yaliyorushwa kutoka roshanini zilianguka juu ya paa la jukwaa, nikazisikia. Mzee Baldomero akatuelekeza kupinda kona.