Kitasa cha Buti la Bi Thuwaiba

TANGAZO KWA UMMA. Kwa wakazi wote wa Mohoro, wa Kibiti, na wa visiwa vyote vya delta hadi Salale: mimi, Dadi bin Mohamedi, mwanafunzi wa darasa la tisa na msomi pekee wa ukoo wetu, natangaza kwamba mwaka huu wa 1953, wakati wa likizo yangu, kitasa cha buti la gari kilivuliwa, kikafumuliwa na kurudishwa, hapa hapa Mohoro, bila msaada wa gereji yoyote ya Dar es Salaam, na kwamba mimi nilikuwapo.

Nilikuwapo kweli. Nilishika kikapu cha kamba.

Gari lenyewe lilikuwa la marehemu mume wa shangazi yangu, Bi Thuwaiba. Lilikuwa jeusi, lina mgongo kama kobe, na buti lake lilifunguliwa kwa mkono wa chuma wenye tundu la ufunguo katikati. Milango ilikuwa na ufunguo wake, buti na wake. Tangu marehemu atutoke, gari lilikaa bandani, na Nassibu, fundi baiskeli wa sokoni, alikuja kila Jumatatu kuliwasha na kulipangusa, ingawa hakuna aliyemtuma. Nassibu alikuwa na ombi moja tu: apewe gari hilo achukue abiria, Mohoro hadi Kibiti, avuke nao mto kwa pantoni. Shangazi alikuwa hajamkubalia, wala hajamkatalia.

Siku ya Jumanne ufunguo wa buti ukapotea. Ndani ya buti mlikuwa na gurudumu la akiba, jeki, na kikapu cha kamba wakavu ambacho shangazi alitaka kumpelekea bintiye Johari, aliyeolewa Kibiti. Siku hiyo hiyo kiatu changu cha kushoto kilianza kunipwaya, maana hakikuwa na kamba. Sikuona sababu ya kulieleza jambo hilo kwa mtu.

Jumatano asubuhi shangazi alisimama uani akatoa hukumu mbili.

"Ya kwanza. Bwana Haruni wa Kibiti anakuja kesho alasiri kulitazama gari, anataka kulinunua. Nassibu, kabla hajafika, buti hilo lifunguke na lifungike kwa ufunguo, bila kuvunjwa wala kukwaruzwa. Ukiweza, siuzi, gari ulifanyie kazi wewe. Ukishindwa, aondoke nalo. Mie gari ambalo fundi wake yuko Dar es Salaam nitalifanyia nini?"

"Nimekubali, Bimkubwa," alisema Nassibu.

"Ya pili. Aliyechukua ufunguo wangu, popote alipo, na asikie. Ijumaa tukitoka msikitini nasomesha Halbadiri."

Hata mwashi aliyekuwa akipita na ndoo ya chokaa alisimama. Halbadiri ikisomwa, mwizi huvimba tumbo mpaka aseme. Shuleni tumefundishwa kwamba tumbo huvimba kwa sababu za kisayansi. Hata hivyo nililigusa langu, nikaliona limejaa kidogo. Nilikuwa nimekula maembe mabichi sita, lakini mtu huwezi kuwa na hakika.

Alhamisi asubuhi Nassibu alilipekua gari zima kwanza. Aling'oa siti ya nyuma, akaitoa nje, akaikung'uta, akafagia chini yake kwa ufagio wa chelewa. Hakupata ufunguo. Akatambaa kupitia pale penye siti mpaka ndani ya buti, miguu tu ikabaki nje.

"Bwana Skuli!" sauti ikatoka gizani. "Pokea."

Kikapu cha kamba kikanifikia mikononi. Siku mbili ndani ya bati, kwenye joto la banda. Sitaeleza zaidi, kwa heshima ya msomaji.

"Sasa soma kitabu cha gari," alisema. "Si umekwenda kusomea Kizungu? Mkono huu umeshikwa na nini?"

Nikasafisha koo langu. "Fungua nati mbili zilizo upande wa ndani."

"Nimezifungua tangu ulipokuwa unakohoa. Endelea."

"Chomoa pini. Kisha, kwa uangalifu mkubwa, toa... toa chemchemi."

"Toa nini?"

"Chemchemi. Mahali yanapotoka maji. Ndivyo alivyotufundisha mwalimu."

"Chemchemi ndani ya kitasa?" Miguu ikaanza kutikisika kwa kicheko. "Springi, we mtoto! Sema springi! Skuli yote hiyo, maili mia na hamsini, na hujui springi?"

Kwa hiyo Kiingereza nilichokifuata mbali, Nassibu alikuwa nacho mdomoni miaka yote akitengeneza baiskeli za watu.

Buti likafunguka, na Nassibu akatoka na mkono wa chuma umelala kwenye kiganja chake. Kutoka katikati yake akavuta kiini kidogo cha shaba, chenye vibati vyembamba vilivyopangwa kama meno, kila kimoja na springi yake, ndogo kama mguu wa sisimizi. Akakaa chini kivulini, akatandaza kitambaa cheupe.

"Kufungua si kazi," alisema taratibu. "Vibati hivi vinaujua ufunguo mmoja tu, na huo hatunao. Nenda zako, Dadi. Unanuka, na alasiri haiko mbali."

Hapo ndipo mzaha wangu ulipoacha kunichekesha.

Niliporudi baada ya sala ya alasiri, nimeoga mara mbili, mkono ulikuwa umerudi mahali pake na buti limefungwa. Nassibu amekaa kizingitini, kichwa kati ya magoti, tupa miguuni.

"Vipi, Kaka Nassibu?"

"Usiniulize kitu. Namsubiri Bimkubwa."

Nikajua ameshindwa. Na shangazi huyo anakuja, na nyuma yake Bwana Haruni, mtu mnene mwenye mwavuli, analitazama gari kama mtu anayechagua ng'ombe. Nikaona njia moja tu ya kumwokoa Nassibu na tumbo langu kwa pamoja.

"Shangazi!" nilipaza sauti. "Alhamdulillahi! Nimeuokota! Ulikuwa chini ya siti!"

Nikachomoa ufunguo mfukoni, nikauchomeka kwenye tundu mbele ya wote, nikauzungusha.

Haukuzunguka.

Nikausukuma, nikausihi, nikausomea Bismillahi. Haukuzunguka. Bwana Haruni alikunja mwavuli wake ili aone vizuri.

Nassibu akainuka, akanisogeza kwa bega, akatoa ufunguo wa mlango. Akauchomeka, akauzungusha kwa vidole viwili. *Klik*. Akafungua. Akafunga. Akafungua tena.

"Nimevikata vibati kwa tupa, Bimkubwa, vifuate ufunguo huu wa mlango," alisema, na macho yalikuwa yamemjaa maji. "Sasa ufunguo mmoja, gari zima. Ule wa zamani haufai tena hata ukipatikana."

Shangazi alipitisha kiganja juu ya mkono wa chuma, akitafuta mkwaruzo. Hakuupata.

"Bwana Haruni, tutakunywa kahawa," alisema, "lakini gari siuzi. Jumamosi likija Kibiti, dereva ni huyu." Nassibu alijifuta uso kwa kitambaa chenye grisi, akapata masharubu.

Ningeondoka hapo, ningekuwa salama. Lakini shangazi alinyoosha mkono, nikampa ufunguo wa zamani. Akauinua kwa uzi wake.

"Chini ya siti," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"Chini ya siti ile nimefagia mimi asubuhi," alisema Nassibu, na akakohoa kwa adabu.

"Na uzi huu," shangazi aliendelea, "mbona ni kamba ya kiatu?" Mohoro nzima mvaaji wa viatu vya kamba alikuwa mmoja. Macho yao yakashuka taratibu mpaka kwenye mguu wangu wa kushoto.

Nilikuwa na maneno mengi ya kisomi tayari. Nikayaacha yote.

"Ni mie, shangazi," nilisema. "Niliufunga kamba yangu usinipotee; nilitaka mhangaike nusu saa, nicheke, niurudishe. Uliposema Halbadiri nikaogopa. Nisamehe. Nawe nisamehe, Kaka Nassibu. Na tafadhali, kesho msisome. Tumbo limeshaanza."