Jengo la Shemeji

Asubuhi hiyo mlango wa stoo ya karakana uligoma kufunguka. Pindo, fundi cherehani aliyebandikwa jina hilo kwa ukali wake kwenye mapindo ya nguo, aliusukuma kwa bega, akaupiga teke, wapi! Alipoinua macho aliona fremu imepinda, na juu yake ufa wa kumeza kidole. Jana haukuwapo.

Karakana yake ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo jipya la biashara, lile lililozinduliwa kwa mbwembwe, wakubwa wakisema sasa mji umeamka. Na kweli uliamka. Wanawake waliokuwa wakishona vibarazani, juani, sasa walikuwa na meza, umeme, na oda za sare za shule hadi kutoka miji ya mbali. Chumba alipatiwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, kontrakta aliyelijenga. Ni shemeji huyohuyo ambaye siku moja, akichokonoa meno mezani kwao, alisema mkaguzi kaja, kala chake, kaondoka bila hata kupanda ngazi.

"Nondo zote zile za nini, shemeji? Kwani tunajenga handaki la vita?"

Pindo alicheka pamoja na wengine mezani, akamwongezea chai. Sasa alikumbuka kila neno.

Akampigia simu. "Shemeji, kuta zinapasuka huku."

"Hiyo plasta tu. Usianze maneno, ukaniharibia."

"Basi njoo uone mwenyewe."

Sauti ya shemeji ikashuka: "Leo siji huko." Simu ikakatika.

Hapo ndipo Pindo alipoogopa hasa. Alimkimbilia meneja wa jengo, naye hakumpa hata kiti. "Mama, chini kumejaa wateja. Ukiropoka nakufungia chumba."

Alisimama koridoni. Akisema, ukoo utamgeuka. Akisema na jengo lisianguke, ataitwa kichaa. Ndipo chini ya miguu yake kitu kikalia *kaa!*, kama mti mkavu uliovunjwa. Nani angekimbia ufa?

"Moto!" alipiga kelele. "Moto jamani! Tokeni!"

Watu walimiminika ngazini. Alirudi karakanani kuwatoa wenzake. Mmoja, mjamzito, alikuwa ameng'ang'ania meza.

"Cherehani yangu!"

"Iache! Tutanunua nyingine!"

Wakashuka huku vumbi likiwamwagikia vichwani. Katikati ya ngazi walipishana na mlinzi wa getini, mbio akipanda, mtungi wa kuzimia moto mikononi.

"Moto uko ghorofa ya ngapi?"

"Rudi, kaka! Hakuna moto, ni jengo!" Lakini kelele zilimeza maneno yake, na mlinzi akapita.

Walipofika ng'ambo ya barabara, jengo lilijikunja, ghorofa juu ya ghorofa, na mtaa mzima ukawa mweupe kwa vumbi. Wote walitoka, isipokuwa mlinzi.

Jioni shemeji alikuja nyumbani, shati limemganda mgongoni kwa jasho. "Shemeji, sisi ni damu moja. Utawaambia polisi ulisikia harufu ya moshi. Basi."

Mumewe alikuwa akitazama sakafu. Pindo alimwangalia shemeji, mtu aliyekula mezani kwake miaka yote, na kwa mara ya kwanza akamwogopa, hata akasogeza kiti karibu na mlango.

"Ulijua," alisema. "Ndiyo maana hukuja."

"Angalia unachosema."

"Nitasema ulichokisema hapa mezani."

Shemeji aliondoka bila kuaga. Usiku ule Pindo hakulala. Kila gari lililopunguza mwendo nje lilimkalisha kitandani. Asubuhi alikwenda polisi peke yake, maana mumewe alidai anaumwa kichwa, akaeleza yote kwa sauti iliyokuwa ikikatikakatika.

Shemeji alikamatwa. Mkaguzi bado yuko ofisini kwake. Oda za sare zimehamia mji mwingine, na wanawake wamerudi vibarazani. Pindo anashona nao, mgongo ukiwa ukutani ili aone kila anayekuja. Mjane wa mlinzi hupita pale akienda sokoni. Humsalimia. Pindo huitikia, kisha hujaribu kutunga uzi sindanoni, asiweze.