Duara la Madawati

Mwalimu Anastasia alikuwa na uwezo wa kulilaza darasa zima kwa kutaja Wajerumani. Alikuwa hajafika hata kwenye mwaka walioanza kuchimba dhahabu Sekenke, na tayari nusu ya Darasa la Tano ilikuwa imelalia mikono. Yeye alikulia Mandewa, Singida mjini, na tangu ahamishiwe shule hii ya Iramba, chini ya mlima, jambo moja lilimsumbua. Hawa watoto babu zao walichimba, baba zao walichimba, wengine walichunga mbuzi katikati ya mashimo ya zamani. Ilikuwaje wasinzie wakisimuliwa habari za kwao?

Akaamua kuandaa igizo, lionyeshwe siku ya kikao cha wazazi. Kwanza akaenda kwa Mzee Zefania, aliyechimba tangu ujanani mpaka magoti yalipogoma. Alimkuta uani anapiga alizeti kwa fimbo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu."

"Nataka watoto wajue maisha ya wachimbaji yalivyokuwa."

Mzee akapiga alizeti kidogo, akafikiri. "Njaa," akasema.

Anastasia akangoja. "Na kingine?"

"Vumbi."

"Hakukuwa na siku za furaha?"

"Zilikuwepo. Siku za kula."

Anastasia akaona kwamba igizo itabidi alitunge mwenyewe. Usiku huo akaandika: wachimbaji wanaingia wakiimba, wanachimba, wanakula, duara linaanguka, mmoja anafukiwa, wenzake wanamwokoa, wote wanaimba tena. Duara ni hilo shimo refu la kuchimbia, kila mtoto alilijua jina lake. Lakini kugawa nafasi kukawa kazi. Darasa zima lilitaka kuwa madalali wa dhahabu, maana dalali huvaa miwani ya jua na hafanyi lolote. Gervas alikuwa ameshakuja na miwani ya mama yake. Mwalimu akampa usimamizi wa duara, akamruhusu abaki na miwani. Mchimbaji wa kufukiwa ndiye hakupatikana.

Mwishowe akanyoosha mkono Sikudhani, mtoto mdogo kuliko wote darasani, anayelelewa na bibi yake, Rahabu.

"Mwalimu, huyo mchimbaji anakula?"

"Anakula."

"Maharage ya kweli?"

"Ya kweli."

"Basi nitachimba."

Mazoezi yakaenda vizuri, ila Sikudhani alikuwa na tatizo moja. Kila alipovutwa kutoka shimoni alicheka. Siku ya mwisho Anastasia akamweka pembeni, akamwambia kwa ukali, "Ukishafukiwa, umezimia. Ukiitwa usiitike. Ukiguswa usicheke. Utaamka nitakapokuambia mimi, si mtu mwingine."

"Sawa, mwalimu."

Kikao cha wazazi kwa kawaida kilihudhuriwa na akina mama wachache na mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Idrissa, aliyekuja na kiti chake kutoka nyumbani kwa kuwa hakuwaamini mafundi wa madawati. Safari hii uwanja ulijaa. Habari ilikuwa imeenea kwamba Darasa la Tano watatoa dhahabu shuleni. Inaelekea wengine waliisikia nusu, maana walikuja na majembe.

Duara lilitengenezwa kwa madawati yaliyopangwa juu kwa juu na kufunikwa turubai, na upande mmoja ukaachwa uwazi wa kupenya mtoto. Igizo likaanza. Watoto wakaimba, wakachimba, wakapakuliwa maharage. Sikudhani alikula kwa moyo wote, na ilipofika zamu yake kushuka akaingia na bakuli lake, jambo ambalo halikuwa kwenye maandishi. Ndipo waliokuwa nyuma wakapiga madebe, turubai likatikiswa, dawati moja likateleza kidogo na kuziba uwazi. Hilo nalo halikuwa kwenye maandishi.

Gervas akavua miwani, akatazama watu, akasema kwa sauti ya kusoma, "Ndugu zangu, mwenzetu amefukiwa. Tuungane kwa umoja na mshikamano tumwokoe."

"Hakuna mtu anayesema hivyo," ikasikika sauti kutoka kwa wazazi.

Alikuwa Mzee Zefania. Alishasimama.

"Mzee, ni igizo," Anastasia akamwambia kwa upole.

"Najua ni igizo. Lakini kijana huyu anawafundisha vibaya. Duara likianguka huanzi kuhutubia. Unanyamazisha watu, unasikiliza kama anagonga." Akawageukia wazazi. "Nyamazeni."

Uwanja mzima ukanyamaza. Mama mmoja akamziba mtoto mdomo kwa titi. Mzee Zefania akaweka sikio kwenye turubai na kugonga dawati. Hakuna jibu.

"Sikudhani," akaita.

Kimya. Anastasia alijua kwa nini, na ndani ya moyo wake akajivunia kidogo jinsi mtoto alivyoshika maelekezo. Lakini Bibi Rahabu hakuyajua hayo maelekezo. Alichojua ni kwamba mjukuu wake yuko chini ya madawati mazito na haitiki. Akapiga kelele kwa Kinyiramba, na nusu ya wazazi wakainuka kwa pamoja.

"Jamani, yuko salama," Anastasia akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia asiitike."

Hakuna aliyemsikiliza. Alute, mzee mwingine aliyechimba zamani, alishalikamata dawati la juu.

"Usiliguse hilo," Zefania akasema. "Weka matimba kwanza, miti ya kuegemeza."

"Matimba ya nini? Toa uzito wa juu."

"Ndivyo ulivyofanya mwaka ule tukafukiwa miguu."

"Ilifukiwa miguu yako. Mimi nilikuambia uisogeze."

Wakabishana hapo kwa muda, kila mmoja na upande wake wa wazazi, kumbe wote wawili walikuwa wanasaka kitu cha kuegemezea. Macho yao yakakutana kwenye kiti cha Mzee Idrissa. Mwenyekiti akasimamishwa kwa heshima zote, kiti kikapigwa chini ya dawati, na mipini ya majembe ikaingizwa pembeni. Madawati yakashushwa moja moja, kwa mikono iliyojua kazi. Kiti kikalia mara moja, kikavunjika mguu.

Sikudhani akatolewa. Alikuwa amelegea vizuri kabisa, macho yamefumbwa, mchuzi wa maharage umejaa kidevuni. Bibi Rahabu alipouona ule mchuzi mwekundu akadhani ni damu, akachukua ndoo ya kunawia na kummwagia maji yote. Mtoto akatetemeka, asifumbue macho.

"Mwalimu," akanong'ona, "nishaamka?"

"Umeamka," Anastasia akasema, akakaa chini.

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mwalimu mkuu alijaribu kurudisha kikao kwenye ajenda ya vyoo, akashindwa, kwa sababu watoto walikuwa wamewazunguka wale wazee wawili. Wale wale waliosinzia juu ya Wajerumani sasa walikuwa wanagombania kuuliza. Chini huko mlikuwa mnajisaidia wapi? Mlikuwa mnaonaje? Mwizi wa dhahabu aliificha wapi? Swali hilo Alute alilijibu kwa kirefu mno mpaka wazazi wakamtazama upya.

"Na ukisikiliza, akagonga, unafanyaje?" Gervas akauliza.

Mzee Zefania akagonga dawati mara moja kwa kidole. "Mwenzetu mmoja aligonga mpaka jioni. Tulikuwa tunachimba kumfuata. Halafu hatukumsikia tena."

Watoto wakamsogelea.

"Alikuwa amekula?" Sikudhani akauliza, akiwa amefunikwa khanga ya bibi yake.

Mzee akamtazama, na uso ukalegea. "Alikula. Alikula na ya kwangu. Nilimtukana sana asubuhi ile." Akacheka, akajifuta macho kwa kiganja. "Alikuwa mlafi kama wewe."

Wiki iliyofuata Mwalimu Anastasia aliingia darasani akakuta hakuna hata mtoto mmoja aliyelalia mkono. Akafurahi, akageukia ubao, akaandika kichwa cha somo. Aliposema kwamba wachimbaji walilipwa kila mwisho wa mwezi, akasikia mguno nyuma. Dawati la mwisho walikaa Zefania na Alute, magoti yamegusa videvu, na dirishani aliegemea Bibi Rahabu na akina mama wengine waliowahi kupika machimboni. Wote walikuwa wamenyoosha mikono.

"Tuanze na nani?" akauliza Anastasia.

"Anza na mimi," Rahabu akasema. "Hawa wote nimewalisha, na wataanza kudanganya."