Muhuri Namba Kumi na Saba

Kiwanda chetu huunda vifaa vya kupimia mapigo ya moyo kwa niaba ya kampuni nyingine. Jina linalobandikwa juu si letu. Mimi na dada tulilehemu bodi zake za saketi kwenye meza moja kwa miaka tisa, kila mmoja akigonga muhuri wa namba yake kwenye kazi yake. Alizoea kutania, "Moyo wa mtu msitu, sisi tunautengenezea tochi." Maradhi yakamchukua.

Juzi mteja alirudisha bodi za toleo la zamani ili zivunjwe. Niligeuza ya kwanza nikakuta muhuri wa dada, namba kumi na saba, umepinda kidogo kama kawaida yake.

"Mzee, niachie hii moja," nikamwomba msimamizi. "Ni kazi ya mkono wa dada."

Akaugusa muhuri kwa kidole. "Mwanangu, ningeweza ningekupa zote. Lakini ni mali ya mteja. Acha basi nizivunje mimi."

Nikakataa. Nilimzika mwenyewe, na hili pia nilitaka kulifanya mwenyewe. Nikaziingiza kwenye mashine ya kuvunjia moja moja. Za dada zilikuwa arobaini na mbili. Ya mwisho vidole viligoma kuiachia, mpaka mzee alipokuja kunishika bega, nami nikalia kwa sauti mbele ya watu wote.