Kamera ya Mzee Tulia

Kwa miaka thelathini mzee alipiga picha za pasipoti na vitambulisho katika chumba kimoja chenye pazia jeupe. Jina la Tulia alipewa na wateja. Kila aliyekaa kwenye ile stuli aliambiwa, "Tulia. Usiseme." Hata watoto wachanga waliambiwa.

Daktari aliposema koo la mkewe litapasuliwa baada ya wiki tatu, na sauti haitarudi tena, mzee hakulia. Alitoka kwenda kutafuta kamera. Picha za mkewe alikuwa nazo kabati zima, lakini sauti yake hakuwa nayo hata neno moja.

"Chukua simu yangu, mjomba," mpwa wake wa kike alimwambia. "Inarekodi vizuri tu."

"Simu ni ya kusalimiana," alijibu, uso kaukunja.

Basi akaanza kuzunguka madukani na ukaidi wake. Kamera ya kwanza ilipiga picha safi, ila kwenye video sauti ilitoka kama mtu yumo ndani ya pipa. Ya pili ilinasa sauti vizuri, lakini ilifanya ngozi ya watu kuwa ya kijivu, naye hakuwa radhi mkewe abaki wa kijivu. Ya tatu ilikuwa nzito, na mikono yake siku hizi ilitetemeka. Akarudia ya kwanza. Akaomba siku mbili za kufikiri. Utadhani anaposa! Wiki tatu zikayeyuka hivyo hivyo, na sauti ya mkewe ikizidi kukwaruza.

Siku moja kabla ya mkewe kulazwa, alinunua ya nne, ndogo, yenye gurudumu la kuhamisha kutoka picha kwenda video. Binti wa dukani alimwelekeza: "Kwenye video, mzee, bonyeza mapema, kabla mtu hajaanza kuongea."

"Binti, mimi nimeshika kamera wewe hujazaliwa."

Asubuhi yake alimkalisha mkewe dirishani, akampiga picha sita, kisha akazungusha gurudumu. "Haya, mke wangu, nihadithie chochote."

Mkewe akahadithia harusi yao: jinsi bwana harusi alivyojitia kupiga picha mwenyewe kutwa nzima, kumbe kamera haina filamu. "Wageni wote wale wamekenua meno bure!" Akacheka mpaka akakohoa. Akamwiga mama mkwe. Akaimba kipande cha wimbo. Mzee, jicho kwenye kamera, alisubiri. Kivuli cha pazia kilikuwa kikipita shavuni mwa mkewe, na uso wenyewe ulikuwa bado unachezacheza. Kidole kilingoja kama kilivyongoja miaka yote.

Hadithi ikaisha. Mkewe akatabasamu, mwanga ukakaa sawasawa. Mzee akabonyeza. Haikupita muda mpwa akabisha hodi, gari liko nje.

Wiki mbili baadaye mkewe alikuwa amerudi nyumbani, bandeji shingoni, daftari mapajani. Mzee aliunganisha kamera na televisheni, akakaa karibu naye. Mkewe akatokea kwenye kioo, rangi ya ngozi haina kasoro. Ikasikika sauti ya mzee, safi kabisa: "Hapo hapo. Usiseme. Tulia."

Na yule mke wa mpiga picha akatulia. Alitabasamu dakika nzima, midomo imefungwa. Kisha hodi, kisha giza.

Mzee akarudisha nyuma, akatafuta tena na tena. Zaidi ya hiyo, ndani ya kamera mlikuwa na zile picha sita tu. Akajifunika uso kwa viganja, akalia kilio alichokuwa amekibana tangu kwa daktari.

Mkewe aliandika, akamgusa goti. Mzee akafuta macho, akasoma: "Hadithi nilikuwa nakupa wewe, si kamera. Unaikumbuka wewe, inatosha."

Mzee akatikisa kichwa haraka kukubali. Mkewe akamtazama kidogo, akaichukua tena kalamu.

"Niliimba wimbo gani?"

Mzee akafikiri, akafikiri sana. Alichokumbuka ni kivuli cha pazia, kikipita shavuni.